Mistari 11 na jina moja: uchambuzi wa kisa cha left-pad

Jumanne ya tarehe 22 Machi 2016, watu wengi wanaoandika JavaScript, lugha ya programu za tovuti, walikaa mbele ya kompyuta zao wasielewe kilichowapata. Msimbo ulikuwa uleule wa jana, na hakuna aliyegusa kitu. Lakini amri ya kusakinisha vifurushi (vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine na kuwekwa kwenye ghala la pamoja mtandaoni), ile inayopigwa mara kadhaa kwa siku bila hata kufikiriwa, ilirudi na kosa namba 404: kifurushi left-pad hakimo ghalani. Chini yake mstari mwingine ulieleza kwamba kifurushi hicho kinahitajiwa na kingine kiitwacho line-numbers. Wengi walikuwa hawajawahi kuyasikia majina hayo mawili.

Kila ninapompokea mtu mpya kazini, kisa hiki ndicho ninachomwanzishia. Si kwa ukubwa wa hasara, maana chote kilidumu saa mbili na nusu tu. Ni kwa sababu hukumu iliyotolewa siku ile inarudiwa mpaka leo, nami naamini haikuwa ya haki. Ilisemwa kwamba wajenzi wa tovuti wamesahau kuandika programu, na kwamba mtu anayekwenda kuazima mistari 11 ya msimbo, maana left-pad yote ilikuwa hiyo tu, kwa asiyemjua hajui kazi yake. Ni maneno matamu mdomoni. Lakini ukikifuata kisa hatua kwa hatua, utaona kosa lilikuwa kwingine: lilikuwa ghalani, na katika mazoea yetu ya kulichukulia ghala la watu kama stoo ya nyumbani.

Jina lilivyogombewa

Azer Koçulu, mwandishi wa programu aliyekuwa akiishi Oakland, California, alikuwa amechapisha vifurushi 273 katika npm, ghala kuu la vifurushi vya JavaScript. Kimoja alikiita kik, chombo kidogo cha kumsaidia mtu kuanzisha mradi mpya. Kanada nako kulikuwa na kampuni ya kutumiana ujumbe kwa simu iliyoitwa Kik, nayo ilitaka kuchapisha kifurushi chake kwa jina hilohilo. Tarehe 11 Machi wakala wake wa hataza alimwandikia Koçulu. Mwanzo barua zilikuwa za adabu. Baadaye zikaanza kutaja alama ya biashara na mawakili, naye akajibu kwa matusi, akasema kama wanalitaka sana jina hilo walipe dola 30,000. Kampuni ikaenda kwa wenye ghala. Tarehe 18 Machi Isaac Schlueter, mwanzilishi wa npm na mkuu wake wakati huo, akaamua jina liende kwa kampuni.

Sababu aliyoitoa haikuwa ya kipuuzi. Mtu anayeandika amri ya kusakinisha kik, kwa kiasi kikubwa, atakuwa anaitarajia ile kampuni ya ujumbe, na akipata kitu kingine atachanganyikiwa. Nakubaliana naye hadi hapo. Lakini jiulize kwa nini watu wawili wasiojuana kabisa, wenye kazi zisizohusiana hata chembe, walilazimika kugombea neno moja la herufi tatu. Ni kwa sababu majina ya npm yalipangwa katika uwanja mmoja ulio wazi: neno moja, mwenyewe mmoja, na anayewahi ndiye anayepata. Ghala la Maven la watu wa Java, lugha nyingine ya programu, lilikwepa ugomvi huo tangu zamani kwa kutanguliza anwani ya intaneti ya mwenye mali. Hata npm yenyewe ilikuwa tayari imeleta njia ya kutanguliza jina la mmiliki kwa alama ya @. Njia ilikuwepo, ila haikuwa ya lazima, na jina fupi lilionekana la heshima zaidi.

Koçulu alipoona jina limechukuliwa, aliamua kuondoa kila kitu. Aliandika kwamba jambo hilo limemfungua macho: npm ni ardhi ya mtu binafsi, na humo kampuni ina nguvu kuliko watu. Tarehe 22 akafuta vifurushi vyote 273. Kanuni za siku hizo zilimruhusu. Chombo hakikumwuliza nani anavitegemea, wala hakikumwonyesha. Nasisitiza hilo kwa sababu wapo wanaomsimulia kama mhalifu aliyevunja intaneti kwa hasira. Hasira alikuwa nayo, ndiyo. Lakini milango aliyopitia ilikuwa imeachwa wazi na wenye nyumba.

Mistari yenyewe

Kabla ya kumhukumu mtu kwa kuazima mistari 11, inafaa kuisoma. Kazi ya left-pad ni kupokea andishi, urefu unaotakiwa na herufi ya kujazia, kisha kuongeza herufi hiyo upande wa kushoto mpaka urefu ufike. Ukimpa 7 na urefu wa 2 na sifuri, anakurudishia 07. Ni hivyo tu. Inageuza ilichopewa kuwa andishi, inapiga hesabu ya nafasi zilizobaki, inazunguka ikiongeza herufi moja moja.

Katikati yake upo mstari huu:

`if (!ch && ch !== 0) ch = ' ';`

Maana yake ni kwamba kama hukutaja herufi ya kujazia, basi itumike nafasi tupu. Sehemu ya pili ndiyo ya kutazama. Katika JavaScript, namba sifuri huhesabiwa kuwa sawa na "hakuna" inapoulizwa swali la ndiyo au siyo. Mtu akiandika kipande hiki harakaharaka atauliza tu kama herufi imetajwa, kisha mtumiaji atapeleka sifuri ya namba, si ya maandishi, na badala ya 07 atapata nafasi tupu na 7. Kosa la namna hiyo halipigi kelele. Programu haianguki. Linakaa kwenye ripoti au kwenye jina la faili mpaka siku mtu anashangaa kwa nini orodha haipangiki. Aliyeandika left-pad alikuwa amelifikiria, akaweka kinga yake.

Hiyo ndiyo faida ya kuazima. Mistari yenyewe unaweza kuiandika. Unachoazima ni kujikwaa kwa aliyekutangulia. Na shimo lenyewe lilikuwa la lugha. JavaScript ilitoka mwaka 1995, na kitendo cha kujazia andishi upande wa kushoto, padStart, kiliingia rasmi katika toleo la kiwango la mwaka 2017. Ni miaka 22. Katika muda huo wote kila aliyehitaji kupanga tarakimu alikuwa na mawili: aandike mwenyewe na kujikwaa mwenyewe, au amwazime mwenzake.

Halafu kuna jambo ambalo hukumu ya "uvivu" hulipita bila kuligusa. Wengi walioumia siku ile hawakumchagua left-pad. Walimchagua Babel, chombo kinachogeuza JavaScript mpya iweze kusomwa na vivinjari vya zamani, au walikuwa wanatumia Atom, kihariri cha msimbo. Vyombo hivyo, ndani kabisa ya mnyororo wao wa vifurushi, vilikutana na line-numbers, ambacho kazi yake ni kuweka namba za mistari pembeni mwa msimbo ili unapoonyeshwa kosa uone liko mstari wa ngapi. Na ili mstari wa 9 na wa 10 zisimame sawasawa, line-numbers ikamwita left-pad. Mnyororo wote ule uliokatika ulikuwepo ili ujumbe wa makosa usomeke vizuri. Siwezi kumwita mvivu mtu aliyejali hilo. Natumia ujumbe wa namna hiyo kila siku, na unaniokolea muda mwingi.

Saa mbili na nusu

Makosa yalianza kumiminika yapata saa nane na nusu mchana kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, mamia kwa dakika. Kifurushi kilikuwa kimepakuliwa karibu mara milioni 2.5 katika mwezi uliotangulia, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mambo yameharibika.

Ndani ya dakika kumi hivi mwandishi mwingine, Cameron Westland, alilichukua jina lililoachwa wazi na kuchapisha kifurushi chenye kazi ileile kama toleo 1.0.0. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa sababu leseni aliyoiweka Koçulu ilimruhusu yeyote kuufanyia msimbo ule atakalo. Ungetarajia mambo yaishe hapo. Hayakuisha. Mnyororo wa Babel na Atom ulipitia line-numbers, na line-numbers ilikuwa imeandika wazi kwamba inataka toleo 0.0.3, si jingine. Toleo la 1.0.0 lilikuwepo, zima na lenye afya, lakini mashine ziliendelea kugonga mlango wa 0.0.3 na kujibiwa kwamba hakuna mtu.

Nayo npm ilikuwa na kanuni kwamba namba ya toleo ikishatumika haitumiki tena, hata kama kilichokuwa chini yake kimefutwa. Ni kanuni nzuri. Inamzuia mtu kubadilisha chinichini kitu ambacho wenzake wameshakikagua. Lakini siku ile iliwafunga mikono, maana njia ya kawaida ya kuirudisha 0.0.3 haikuwepo. Saa kumi na dakika tano npm walitangaza kwamba watafanya jambo ambalo hawajawahi kulifanya: kulirejesha toleo kutoka kwenye nakala rudufu, ingawa mwenyewe aliliondoa kwa hiari yake. Saa kumi na moja kasoro dakika tano kazi ilikwisha.

Uamuzi huo bado unajadiliwa, na kwa upande wangu naona walifanya sawa. Leseni iliruhusu. Anayetoa msimbo wake kwa leseni ya namna ile ameutoa kweli; anaweza kuacha kuutunza, lakini hawezi kuudai tena kutoka mikononi mwa waliokwisha kuupokea.

Kinachonitisha mimi zaidi ni kitu kilichokuwa ndani ya ujumbe wa kosa wenyewe. Baada ya kusema kwamba kifurushi hakimo, chombo kilimshauri mtumiaji amsumbue mwandishi akichapishe, au alitumie jina hilo yeye mwenyewe. Fikiria maana yake. Maelfu ya mashine duniani zinaita jina fulani, jina halina mwenyewe, na chombo chenyewe kinamwalika apitaye njiani alikalie. Westland alilichukua kwa nia njema. Mwenye nia mbaya angefuata njia ileile, hatua kwa hatua, na kwa kuwa npm huruhusu kifurushi kuendesha amri zake wakati wa kusakinishwa, angekuwa ndani ya kompyuta za watu kabla hawajafungua hata faili moja la msimbo wake. Na yalikuwa majina 273 yaliyoachwa wazi, si moja.

Miaka miwili baadaye jambo la namna hiyo lilitokea kwa njia nyingine. Mwaka 2018 mtunzaji wa kifurushi event-stream, aliyekuwa amechoka kukitunza bila malipo, alimkabidhi mtu aliyejitolea kumsaidia. Mtu huyo akaongeza kitegemezi kipya, yaani kifurushi kingine kinachohitajiwa na hicho, chenye msimbo uliokusudiwa kuiba bitcoin kutoka kwenye pochi iitwayo Copay. Jina lilikuwa lilelile, mikono mingine, na mashine zetu hazikuona tofauti, kwa sababu tumezifundisha kuamini jina.

Kilichorekebishwa, na kilichobaki

Wiki moja baada ya kisa, npm walibadilisha kanuni. Kifurushi kiliweza kufutwa na mwenyewe ndani ya saa 24 tu tangu kichapishwe. Baada ya hapo ilibidi kuomba, na ombi halikukubaliwa kama kuna wengine wanakitegemea. Baadaye muda huo ulifanywa saa 72. Hapo niliwaunga mkono, ila kanuni hiyo nayo ilizaa tatizo lake. Karibu na mwaka mpya wa 2024 mtu alichapisha kifurushi kilichoitwa everything, kilichotegemea kila kifurushi kilichomo ghalani. Kwa kuwa kila kitu sasa kilikuwa na anayekitegemea, hakuna mtu aliyeweza kufuta chochote, hata kifurushi chake cha majaribio kilichosahaulika miaka mingi, mpaka wenye ghala wakaingilia kati.

Watu wa Rust, lugha nyingine ya programu, walilitatua kwa namna ninayoipenda zaidi. Katika ghala lao mwandishi anaweza kuliondoa toleo kwenye uchaguzi wa miradi mipya, lakini mradi uliokwisha kulifunga kwenye faili lake unaendelea kulipata. Mwandishi anapata njia ya kusema "msitumie hiki tena", na aliyekitumia jana halali nje. Watu wa lugha ya Go nao, tangu toleo 1.13 la mwaka 2019, hupitia ghala la kati linaloweka nakala, pamoja na daftari la alama za hesabu (alama zinazokokotolewa kutoka kwenye kilichomo) linaloonyesha kama kilichokuja leo ndicho kilekile kilichoonekana mara ya kwanza. Hapo mashine inaulizwa kuhusu kilichomo, na jina linabaki kuwa jina.

Kwa upande wa JavaScript, jibu ambalo wengi hulitaja ni faili la kufungia matoleo. Yarn, chombo kingine cha kusakinisha vifurushi, ilitoka Oktoba 2016 ikiwa nalo, na npm toleo la 5 ikalifanya kuwa la kawaida mwaka 2017. Nalitumia katika kila mradi na sitaki kuona mradi usio nalo. Lakini nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba faili hilo lingezuia kisa cha left-pad, na hilo si kweli. Faili la kufungia huandika jina, toleo, anwani na alama ya hesabu ya kilichomo. Halihifadhi kitu chenyewe. Siku ile ya Machi ungekuwa nalo, lingekwambia kwa usahihi kabisa ni kitu gani kimepotea na kilikuwa wapi, na mradi wako ungekwama vilevile. Linakukinga na kubadilishiwa kitu. Halikukingi na kunyimwa.

Kinachokinga na kunyimwa ni nakala. Hakuna ujanja mwingine. Kwa hiyo katika miradi ninayoisimamia kila kifurushi hupitia seva yetu ya kati, ambayo ikishakipakua mara moja hukiweka, na mashine inayojenga mradi haina ruhusa ya kwenda nje moja kwa moja. Kitu kidogo cha mistari kumi au ishirini tunakinakili ndani ya mradi pamoja na leseni yake na majaribio yake, kisha kinakuwa chetu. Na mtu akitaka kuongeza kitegemezi kipya, simkatazi kwa sababu ni kidogo. Namwomba aufungue mti wake wote aone kinaleta wangapi nyuma yake, nani anawatunza, na lini mara ya mwisho waliguswa. Mara nyingi mtu mwenyewe, baada ya kuutazama mti huo, hurudi na kusema ataandika.

Kisha tunakata mtandao. Mara moja kwa kila miezi michache tunachukua mashine tupu, tunaiachia seva yetu ya kati peke yake, na tunajenga mradi tangu mwanzo. Mara ya kwanza nilikuwa na hakika tutapita. Vifurushi vyote vilikuwepo, kila kimoja na alama yake. Ujenzi ukaenda vizuri hadi karibu na mwisho, ukakwama kwenye kifurushi kimoja cha kushughulikia picha. Tulikuwa na nakala yake, lakini tulipoifungua tukakuta ni ganda tu: ndani yake kulikuwa na amri fupi ya kwenda kwenye seva nyingine kabisa, isiyo ya npm na isiyo yetu, kupakua programu iliyokwisha kujengwa. Haikuwa imetajwa popote kwenye orodha ya vitegemezi, na faili la kufungia matoleo halikuwa na habari nayo.

Tulitumia siku mbili kuipata programu hiyo, kuikagua na kuiweka kwenye seva yetu, kisha tukazima amri za kusakinisha kwa kila kifurushi isipokuwa vichache tunavyovijua kwa jina. Tulipokata mtandao mara ya pili, ujenzi ulikwama tena, safari hii kwenye fonti (aina ya maandishi) ya ukurasa wa kuingilia, iliyokuwa ikivutwa kutoka nje wakati wa ujenzi. Mara ya tatu ulipita.